Kulabu Chini ya Kiti

Kitu cha kwanza alichokiona Kaliza ni kwamba yule kijana alivua viatu kabla ya kuingia ndani ya gari.

Na hapo ilikuwa Gatsata, Kigali, si sebuleni kwa mtu. Ilikuwa saa tatu asubuhi na barabara ya magereji ilikuwa imechangamka: nyundo ziligonga mabati, wauza vipuri waliitana, pikipiki zilipenya katikati ya watu zikipiga honi. Mafundi wote aliowajua Kaliza waliingia kwenye magari ya wateja na viatu vyenye grisi, wakaegemeza mabega machafu kwenye viti. Halafu aliitwa yeye kusugua. Kaliza alikuwa fundi wa viti. Alibadilisha sponji na kushona vifuniko vya ngozi na vitambaa, kwenye kibanda cha mabati ndani ya gereji ya mzee Nzeyimana.

Kijana alikuwa na shati la buluu lililopigwa pasi, suruali ya kijivu, na soksi zenye picha za ndizi. Kaliza alizitazama zile ndizi akacheka peke yake. Kijana akageuka.

"Unacheka soksi zangu?"

Kaliza akainama haraka juu ya cherehani.

"Basi cheka, si mbaya. Lakini niambie, hii kiti nani ameshona?"

Kaliza akajinyooshea kidole kifuani.

"Ni wewe? Mana we, Mungu wangu! Huu mshono umenyooka kuliko barabara ya kwenda aeroporti."

Kaliza akaendelea kushona. Mzee Nzeyimana, aliyekuwa anapita na kikombe chake cha chai, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mwache uyo, Keith. Kaliza anasema na sindano tu. Mimi niko naye hapa miaka tatu, maneno yake nimehesabu, hayajafika mia."

Hivyo ndivyo walivyokutana. Keith alikuwa amekulia Kampala na kusomea umeme wa magari huko. Alikuja Kigali na kompyuta yake mkobani na waya mrefu wa kuchomeka chini ya usukani ili gari liseme linaumwa wapi. Mzee Nzeyimana alimpa wiki mbili za majaribio. Akiweza kazi, atabaki. Akishindwa, atarudi kwa mjomba wake Kampala.

Na gari alilopewa la kwanza lilikuwa jeusi, la Madamu Xavérine.

Madamu Xavérine alikodisha magari kwa maharusi. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye vitenge vya rangi kali na manukato yaliyofika kabla yake. Siku ile hakuwa mcheshi.

"Gari yangu iko inakufa njiani!" alimwambia Keith. "Ninakaa hapa mbele, karibu ya dereva, tunatoka vizuri. Tukifika kwa matuta, taa zote zinawaka. Nyekundu, njano, kama Noeli! Usukani unakuwa mzito, gia inakataa. Juzi bibi harusi ameshuka akapanda pikipiki na shela yake!"

"Pole sana, Madamu. Nitaangalia."

"Uangalie vizuri. Na kama kuna mtu ameharibu gari yangu, nikimujua, hatagusa tena gari ya mtu hapa Gatsata. Nakuapia."

Kaliza aliyasikia hayo kutoka kibandani. Hakuyafikiria sana wakati ule.

Siku ya tatu Keith alimwomba namba ya simu. Kaliza aliiandika kwa chaki kwenye kipande cha ngozi, akakisukuma mezani bila kuinua macho. Dakika tano baadaye simu yake ikalia.

"Halo?" alisema. Sauti ilikuwa nyororo, tena haikuwa na woga hata kidogo.

"Kaliza? Ni wewe kweli? Kumbe unajua kuongea!"

"Kwenye simu hunioni."

"Nakuona. Uko nyuma ya sponji ya njano."

"Basi geuka, utazame ukuta."

Keith akageuka, akasimama uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mafundi wengine wakamshangaa.

"Nimegeuka. Sasa sema."

"Soksi zako ni mbaya," alisema Kaliza.

Keith alicheka mpaka akaegemea ule ukuta. Tangu siku hiyo walizungumza hivyo, mmoja kibandani, mwingine chini ya boneti, hatua ishirini katikati yao. Kaliza alimweleza mambo ambayo hakuwa amemweleza mtu. Kwamba alikulia Karagwe, upande wa Tanzania. Kwamba familia yao iliporudi Rwanda alikuwa darasa la tano, hajui Kinyarwanda cha shule, na walimu wakataka aanze tena la pili pamoja na watoto wadogo.

"Niliona haya, sikurudi tena. Mama akanifundisha kushona. Kwa hiyo mimi si msomi, Keith. Usije ukasema sikukuambia."

"Mimi niko na diploma, na kifungo kikikatika nafunga na stepla. Nani msomi hapo?"

"Mwongo."

"Njoo uone shati hii. Njoo, cheri."

"Usiniite cheri, watu wanasikia."

"Wanasikia mimi. Wewe hawakusikii, wewe uko na siri zako."

Siku nyingine Kaliza alimuuliza lile gari linaumwa nini.

"Sikiliza," alisema Keith. "Ndani ya gari kuna kompyuta ndogo nyingi. Ya injini, ya breki, ya gia. Hata kiti cha mbele kiko na yake, kwa sababu kinajisogeza. Zote zinaongea kwenye waya mbili tu, nyembamba, zimesokotwa pamoja."

"Kama nywele za kusokota mbili mbili."

"Ehee! Hivyo hivyo. Sasa, zile waya zikiguswa na chuma pahali pamoja tu, kompyuta zote zinanyamaza. Ya breki haisikii ya injini, ya gia haisikii mtu. Dereva anaona taa tu."

"Na hapo ni wapi pameguswa?"

"Ndiyo shida. Natoa betri, napima hizo waya, napata om sitini, sawasawa kama inavyotakiwa. Naendesha peke yangu mpaka Nyabugogo na kurudi, gari mzima kabisa. Madamu akikaa tu, gari inaugua."

"Labda linamwogopa."

"Hata mimi namwogopa!"

Walicheka wote wawili. Halafu Kaliza akanyamaza ghafla, na Keith akadhani mtandao umekatika.

Mtandao haukukatika. Kaliza alikuwa amekumbuka kitu. Miezi miwili nyuma yeye ndiye aliyeshona vifuniko vya viti vya gari lile. Kifuniko hufungwa chini kwa kulabu fupi za waya mgumu. Siku ile kulabu fupi ziliisha akiwa na kiti cha mwisho, cha abiria wa mbele, na Madamu Xavérine alikuwa amesimama mlangoni anapiga makofi: haraka, mukobwa wangu, binti yangu, harusi iko saa nane! Kaliza akachukua kulabu ndefu za viti vya lori. Sasa aliiona akilini ncha ile ndefu ikining'inia chini ya sponji. Mtu mwepesi akikaa, haifiki popote. Mtu mzito akikaa, na gari likiruka tuta, sponji inashuka, na ncha inagusa waya zilizo chini.

"Kali? Uko hapo?"

"Nina kazi," alisema, akakata.

Angeweza kusema siku hiyo hiyo. Lakini alikumbuka kiapo cha Madamu Xavérine. Kibanda kile ndicho kilichomlisha yeye na mama yake. Na nani angemsikiliza msichana wa darasa la tano akimwambia fundi mwenye diploma atazame chini ya kiti? Keith mwenyewe alikuwa ameshaamua. Mashine yake ilionyesha kwamba kompyuta ya gia ndiyo iliyoacha kujibu kwanza, na alimwambia mzee Nzeyimana hiyo ndiyo mbovu. Mpya ikaagizwa Kampala, na haikuwa ya bei rahisi. Ilifika kwa basi Jumatano ya wiki ya pili.

Keith aliifunga asubuhi nzima. Saa sita na nusu, mafundi walipokwenda kula, Kaliza alifungua mlango wa gari lile, akavua viatu, akalala kifudifudi kwenye zulia. Akaikuta. Ncha ya kulabu ilikuwa imekwaruza zile waya mbili mpaka shaba ikaonekana, inang'aa kama jino la dhahabu. Aliikata kulabu kwa koleo, akaziachanisha waya, akazifunga kila moja kwa uzi wake wa kushonea ngozi, uzi wenye nta, fundo juu ya fundo. Mtu wa kwanza aliporudi kutoka kula, Kaliza alikuwa tayari kwenye cherehani.

Saa nane Madamu Xavérine akaja, akakaa, akarukaruka kwenye kiti makusudi. Wakalizungusha gari kwenye matuta yote ya Gatsata. Hakuna taa iliyowaka.

"Keith! Wewe ni mganga!" alipiga kelele dirishani.

Mzee Nzeyimana akampiga Keith begani. "Voilà! Hii ndiyo diploma!"

Jioni hiyo Keith alimpeleka Kaliza kula brosheti, mishikaki ya mbuzi, huko Nyakabanda, karibu na nyumbani kwa kina Kaliza. Kaliza alivaa gauni la kitenge la njano lililombana kiunoni, alilolishona mwenyewe, na hereni ndogo za shanga. Keith alimtazama akasahau kuagiza.

"Umependeza mpaka nasikia njaa imeisha."

"Usinidanganye. Agiza."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye bila simu, na alisema akitazama pilipili.

"Wajua, Kali," alisema Keith, "niliogopa sana wiki hii. Kule Kampala mjomba anasema mimi ni mtu wa kubonyeza kompyuta tu, si fundi. Leo nimelala... hapana, leo nitalala vizuri. Na wewe hapa ndiyo mtu peke yake ambaye hanidanganyi."

Brosheti ilimkwama Kaliza kooni. Keith akampa maji, akampigapiga mgongoni kwa upole, akacheka. Maneno yakarudi chini pamoja na maji.

Sasa, Keith alikuwa na desturi moja. Mwalimu wake alimfundisha kwamba ukibadilisha kifaa na gari likapona, rudisha kile cha zamani uone kama litaugua tena. Lisipougua, hukutibu chochote. Mafundi wengi hawafanyi hivyo, maana nani anataka kujishtaki? Keith alifanya. Alhamisi asubuhi, kwa kuwa Madamu alisema atachukua gari Ijumaa, alirudisha kompyuta ya zamani ya gia, akamwomba mzee Nzeyimana akae kwenye kiti cha abiria, wakaenda kwenye matuta.

Hakuna taa iliyowaka.

Keith alilirudisha gari gerejini. Alikitazama kiti. Akavua viatu, akaingia, akakinyanyua. Chini yake aliona waya mbili zimefungwa kwa uzi wenye nta, mafundo madogo yaliyopangwa kama meno ya mtoto. Gatsata nzima kulikuwa na mkono mmoja tu wa kufunga vile.

Alikuja mpaka kibandani. Hakupiga simu.

"Tangu lini ulijua?"

Kaliza aliuweka mkasi chini.

"Uliniona naagiza kompyuta. Uliniona nafunga. Jana umekula na mimi, umenisikia najisifu kama jogoo. Ulikuwa unacheka ndani?"

Kaliza alitikisa kichwa. Machozi yalianguka juu ya ngozi aliyokuwa akikata.

"Sema basi, Kaliza."

Hakusema. Keith akaondoka. Alikwenda kwa mzee Nzeyimana akamwambia kwamba kompyuta ya zamani ni nzima, kwamba alikosea, na kwamba waya zilikuwa zimekwaruzwa chini ya kiti. Nani alizikwaruza hakusema. Mzee alipaza sauti mpaka majirani wakatoka nje.

"Mais non! Kompyuta mupya ya bure! Kesho Madamu anakuja kuchukua gari, utamuambia wewe mwenyewe. Na Jumamosi unapanda basi ya Kampala!"

Jioni Kaliza alimpigia simu mara sita. Simu ililia, haikupokelewa. Keith alikuwa ameketi kwenye chumba chake cha kupanga, anaitazama ikiwaka na kuzima. Aliamini kwamba amechekwa. Alimwona akilini Kaliza akitengeneza kimyakimya kile ambacho yeye na mashine zake walishindwa, halafu akimwacha acheze ngoma ya ushindi. Kaliza naye, kule Nyakabanda, aliamini kwamba Keith amemdharau kwa sababu aliharibu gari la watu.

"Umechemsha maji ya chai mara tatu," mama yake alimwambia, "na chai bado sijaiona. Ni yule wa simu?"

"Ni mimi, mama. Nimeharibu kitu."

"Kinashoneka?"

"Sijui."

"Basi kalale. Kesho uende ukaangalie."

Ijumaa saa nne Madamu Xavérine alishuka kwenye pikipiki, kitenge cha zambarau, kilemba kama taji. Mzee Nzeyimana alisimama mikono kiunoni. Keith alisimama karibu na boneti, mkoba wake tayari begani.

"Madamu," alianza Keith, "ile kompyuta..."

"Ni mimi," alisema mtu nyuma yao.

Wote wakageuka. Mzee Nzeyimana alitazama kwanza kama redio imewashwa mahali. Kaliza alikuwa amesimama katikati ya uwanja, koleo mkononi na vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi.

"Ni mimi niliyeharibu gari," alisema tena, kwa nguvu zaidi. "Kulabu fupi ziliisha, nikaweka ndefu, ya lori. Madamu akikaa, ile kulabu inagusa waya, kompyuta zinanyamaza. Nilijua tangu wiki iliyopita. Niliogopa kukosa kazi. Juzi nikaitoa kwa siri, nikafunga waya kwa uzi. Keith hakujua. Amekosea kwa sababu mimi nilinyamaza."

Hata nyundo ya jirani ilisimama.

"Na wewe Keith," mzee Nzeyimana aliuliza, "jana ulijua ni Kaliza?"

"Nilijua."

"Mbona ulikula matusi yangu yote peke yako?"

"Kosa langu nilisema. Lake halikuwa langu la kusema."

Kaliza akamtazama. Hilo hakulitegemea.

Watu wakamgeukia Madamu Xavérine. Alikwenda akakitazama kiti chake, akapapasa mshono kwa kidole chenye pete tatu.

"Siku ile ni mimi nilikuharakisha," alisema hatimaye. "Nilipiga makofi hapo mlangoni kama nafukuza kuku. Nakumbuka." Akavuta pumzi. "Lakini kumbe gari inaugua kwa sababu ya makalio yangu! Na nyinyi wote mulijua munakaa kimya!"

Kicheko kilianzia kwake, kikaenda kwa mzee, kikamaliza uwanja mzima.

"Viti vya gari yangu ya pili vinakungoja," alimwambia Kaliza akijifuta macho. "Na siku hiyo nitabaki nyumbani."

Lakini waya zilizofungwa kwa uzi hazikuwa zimepona. Keith alitua mkoba, akazikata pale palipokwaruzika, akaunganisha vipande vipya kwa risasi ya kuyeyusha. Kisha akamwita Kaliza bila kumtazama.

"Zinatakiwa kusokotwa tena, sawasawa. Mimi vidole vyangu ni vya diploma."

Kaliza alilala kwenye zulia upande wa pili. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugusana chini ya kiti. Alizisokota zile waya kama nywele za harusi, polepole, kila mzunguko sawa na mwenzake. Keith alipima: sitini. Wakafunga betri. Madamu Xavérine akaombwa akae, akakaa kwa fahari, akaruka mara tano. Keith akasoma kwenye mashine yake kwa sauti: injini inajibu, breki inajibu, gia inajibu, usukani unajibu, kiti kinajibu.

Mzee Nzeyimana alikuna kidevu. "Mtu anayerudisha kifaa cha zamani kujipima mwenyewe, mimi namtaka hapa. Ile mupya tutarudisha kwa muuzaji. Keith, weka mkoba chini."

"Asante, Muzehe. Lakini nimeshaahidi mjomba. Ananingoja kesho."

Madamu aliondoka na gari lake. Mzee akarudi kwenye chai yake. Keith na Kaliza walibaki kwenye bomba la maji, wananawa mikono kwa sabuni ya unga. Jua la saa sita lilikuwa kali na kelele za Gatsata zilikuwa zimerudi.

"Nilidhani umenidharau," alisema Kaliza.

"Mimi nilidhani umenicheka."

"Sikucheka. Nililia."

"Ungesema."

"Nimesema leo."

"Umesema kwa Madamu na kwa Muzehe." Keith alifunga bomba. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu, na macho yake yalimtafuta. "Kazi nimepata. Lakini sitaki kubaki hapa kila siku nakuona hatua ishirini mbali, sijui unafikiri nini. Nitaenda, Kali. Labda ni vizuri."

Akajipangusa mikono kwenye suruali, akainua mkoba. Alitembea hatua tatu, nne. Mafundi wawili waliokuwa wanasukuma gari walisimama kutazama. Mzee Nzeyimana alishusha kikombe. Kaliza aliwaona wote, uso ukamwaka moto mpaka masikioni, na bado alimfuata, akamshika mkono uliolowa maji.

"Usiende," alisema, na hakupunguza sauti. "Nakupenda, Keith. Nataka unioe."